Ugonjwa Tuliouita Tumbo

Kwa watu wa Isansa, mke wangu alikuwa anaumwa tumbo. Ndivyo tulivyokubaliana, yeye na mimi, tukiwa tumekaa kwenye benchi nje ya hospitali moja ya Mbeya, siku daktari alipotuambia kwamba ni saratani ya mlango wa kizazi na kwamba tumechelewa. Tumbo ni neno pana. Vidonda vinaingia humo, chango inaingia, uvimbe unaingia, hata kurogwa. Mtu akikuuliza mgonjwa anasumbuliwa na nini, ukamjibu "tumbo," anatikisa kichwa, anasema "pole sana," na hakuulizi tena.

Daktari alikuwa kijana mpole, mwenye kuongea taratibu. Alitueleza kwamba ugonjwa ule unaletwa na virusi, na kwamba virusi hivyo hupita kati ya mwanamume na mwanamke wanapokutana kimwili. Watu wengi huvipata wakati fulani, akasema, na mwili huvifukuza wenyewe bila mtu kujua. Kwa wanawake wachache hubaki, vikakaa kimya miaka. Mke wangu aliuliza swali moja tu.

"Miaka mingapi?"

"Inaweza kuwa kumi, mama. Inaweza kuwa zaidi. Hakuna anayeweza kukwambia lini wala wapi."

Kule nje kwenye benchi akaniambia, bila kunitazama, "Mimi sijawahi kulala na mwanamume mwingine."

"Najua," nikasema.

Aliponikubali alijua kwamba kabla yake niliwahi kuishi na mwanamke upande wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka wa Zambia. Halikuwa jambo la kificho. Hata wajomba zake walilizungumza wakati wa posa, wakaridhika kwamba lilikwisha. Lakini siku ile lilirudi likakaa kati yetu.

"Watoto wasijue," akasema. "Mama asijue. Kanisani wasijue. Ni tumbo."

"Ni tumbo," nikaitikia.

Mimi ni fundi wa maturubai. Pale Tunduma foleni ya malori ya kuvuka mpaka ikiwa ndefu inarudi nyuma mpaka nje ya mji, na katika malori yote hayo halikosekani lenye turubai lililochanika. Dereva Mzambia anakuja, ananisalimu kwa Kibemba, "Mulishani, fundi," namjibu "Bwino," tunaelewana kwa maneno machache ya kila lugha, kisha natandika turubai lake chini na kulipiga sindano. Mke wangu alikuwa akiuza vitenge karibu nami. Tuliishi hivyo, tukalea mabinti wawili, na mimi niliona ni maisha mazuri.

Tulikwenda Dar es Salaam kwa ajili ya mionzi. Alirudi akiwa mwepesi kama mtoto wa darasa la nne, ngozi imekuwa nyeusi mapajani, na kwa muda damu iliyokuwa ikimtoka ilikatika. Tukadhani amepona. Damu iliporudi hakutaka tena safari. Akaomba apelekwe kwa mama yake, Isansa, akapumzike kwenye baridi na ukimya, mbali na honi za malori. Mabinti wakamfuata, tukawahamishia shule ya huko. Mimi nikabaki Tunduma na sindano yangu, nikawa napanda kwenda kwao kila Jumamosi.

Mama mkwe wangu ni mjane, mkulima wa kahawa tangu usichana wake, Mmoraviani asiyekosa ibada. Watoto wake wa kiume walikwenda kwenye machimbo ya dhahabu, na huko wakapotea kwa namna ambayo watu hupotea wakiwa hai: simu mara moja kwa mwaka, basi. Mke wangu ndiye binti yake pekee. Aliposikia tumbo, akalipokea tumbo kwa mikono miwili. Alikwenda porini akachimba mizizi, akachemsha, na kila asubuhi akamletea binti yake kikombe kichungu cheusi. Mke wangu alikunywa. Hakuwa na namna ya kukataa bila kusema ukweli, kwa hiyo alikunywa, akatapika nyuma ya nyumba, akarudi na kusema, "Asante mama, leo naona nafuu."

Mkubwa wetu wakati huo alikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la saba. Mdogo alikuwa na miaka kumi. Mkubwa ndiye aliyekuwa akifua vitambaa vya mama yake. Hakuna aliyemwamuru, siku moja nilifika nikakuta ameshajipa kazi hiyo. Alikuwa akivifua nyuma ya banda, akavianika kwenye waya ulio ndani ya migomba, mahali ambapo mpita njia haoni. Pia alikuwa akikata majani ya mkaratusi na kuyachemsha chumbani kwa mgonjwa, ili harufu ya mkaratusi itangulie kumpokea mgeni.

Ulikuwa mwezi wa sita, baridi ya Mbozi imekaza, kahawa zimeanza kuiva, shule ilipoita wazazi. Mke wangu hakuweza kutembea. Nilikwenda mimi.

Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegota mbao. Muuguzi wa zahanati alisimama mbele akasema kwamba wataleta chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi kwa wasichana wa kuanzia miaka tisa hadi kumi na minne, sindano moja tu, kwenye bega. Mzee mmoja akanyoosha mkono.

"Unataka kutuambia watoto wetu wa miaka tisa wameshaanza mambo hayo?"

"Hapana, baba. Tunachanja kabla, si baada. Ukiezeka nyumba mvua ikiwa imeshaingia, umeezeka nini?"

Watu wakacheka kidogo. Mama mmoja akasema amesikia inafunga kizazi. Muuguzi akajibu kwamba haifungi, inalinda. Kisha, labda ili watu waelewe uzito wake, akaanza kueleza ugonjwa wenyewe. Damu inayotoka bila utaratibu. Maji maji yenye harufu. Maumivu ya kiuno yasiyoisha. Mwisho mwisho, akasema, mguu mmoja unaweza kuvimba.

Mke wangu mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba tangu mwezi wa tano.

Jirani yetu, mama ambaye wiki iliyotangulia alituletea uji wa ulezi na kukaa na mgonjwa mchana mzima, aligeuka akanitazama. Akainamisha macho haraka. Mimi nikatazama ubao, ulikuwa bado umeandikwa hesabu za mgawanyo, nikazisoma zote mpaka mkutano ukaisha.

Nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa macho.

"Wamesemaje?"

Nikamweleza. Alisikiliza akiwa amefumba macho, mkono juu ya blanketi.

"Amesema inapatikanaje?"

"Amesema."

"Mbele ya watu wote?"

"Ndiyo."

"Na watoto nao wataelezwa?"

"Kabla ya kuchomwa wataelezwa. Kidogo, kwa umri wao."

"Basi wangu hawachomwi."

Nilidhani sikusikia vizuri. Katika watu wote wa kata ile, sikutegemea yeye ndiye akatae. Nikavuta kigoda karibu.

"Mama watoto. Wewe ndiye unayejua maumivu haya kuliko muuguzi. Unataka waje wayapate?"

Akafumbua macho. "Mkubwa ana akili. Akitajiwa damu, akitajiwa mguu, atajumlisha. Atajua mama yake anaoza wapi, na atajua imeingilia wapi. Atakaa na hilo maisha yake yote. Akinikumbuka, hilo ndilo atakalolikumbuka."

"Hakuna aibu ndani yake. Daktari alisema karibu kila mtu..."

"Daktari haishi Isansa." Akavuta pumzi, maneno yalimchosha. "Nataka wanizike wakijua mama yao alikuwa mtu safi. Sina kingine nilichobakiwa nacho. Uniachie hicho."

Mama mkwe alikuwa sebuleni akichambua maharage. Alisikia neno "kuchomwa" tu kati ya yote, na hilo likamtosha. Akaja mpaka mlangoni. Hakuingia, kwa sababu mimi nilikuwa ndani, naye ni mtu wa kushika heshima ya ukwe.

"Sindano gani hiyo, baba?"

"Chanjo ya shuleni, mama. Ya mabinti."

"Ya nini?"

Nikasita. Mke wangu akanikazia macho. "Ya kinga tu, mama," nikasema. "Ya magonjwa ya wanawake."

"Basi hapana," akasema. "Upande wa marehemu mume wangu kuna binti alichomwa sindano za kuzuia mimba akiwa bado msichana, na mpaka leo hana hata wa kutumwa chumvi. Mimi nina huyu mmoja, na unamwona alivyo. Wajukuu wangu ni hao wawili. Mtu asiwaguse kizazi."

"Umesikia," mke wangu akaniambia kwa sauti ya chini. Alifurahi, nadhani, kwa namna ya mgonjwa kufurahi. Mama yake alikuwa amemsaidia bila kujua anamsaidia nini.

Nilirudi Tunduma kesho yake. Wiki nzima nilishona vibaya. Kwa desturi zetu neno la watoto ni la baba, na kama ningesema wachanjwe, wangechanjwa. Muuguzi asingeuliza bibi wala mama. Lakini huwezi kumwamrisha mtu anayekufa. Nikajiambia muda upo, mkubwa bado ana mwaka mmoja, mdogo ana minne. Halafu nikajiuliza mwaka ujao nitamwuliza nani, na jibu lilipokuja niliacha turubai la watu chini nikatembea mpaka uzio wa mpaka, nikasimama pale nikiangalia malori yanavyovuka.

Jumamosi iliyofuata nilikuta vichanja vya kuanikia vimejaa kahawa. Mkubwa alikuwa peke yake anachagua, akitoa mbegu zilizopasuka na zile nyeusi. Nikasimama upande wa pili wa kichanja, nikaanza kuchagua naye. Alikuwa amevaa sweta la mama yake, mikono ameikunja.

"Baba," akasema baada ya kitambo. "Mimi na mdogo tunachanjwa?"

"Bado tunaongea na mama."

"Mama hataki."

"Nani amekwambia?"

"Ukuta wenu ni mbao." Akaendelea kuchagua. "Anaogopa nitajua. Mimi nimeshajua."

Mikono yangu ilisimama juu ya kahawa.

"Mwalimu alitueleza darasani kabla yenu," akasema. "Alipotaja ile harufu, wenzangu walisema 'aah' wakaziba pua. Mimi sikuziba."

Nilitaka kuzunguka kichanja nimshike, lakini alikuwa amejikaza sana, nikaona nikimgusa nitambomoa.

"Na ile nyingine, ya jinsi inavyopatikana?" nikauliza.

"Mwalimu alisema hata mtu mwenye mume mmoja anapata." Akatupa mbegu mbovu chini. "Usimwambie mama kwamba najua, baba. Akijua hatanipa vitambaa nifue. Atafua mwenyewe, na hawezi kuinama."

Ndivyo nyumba ile ilivyokuwa. Mama anamficha mtoto, mtoto anamficha mama, bibi anachemsha mizizi, na mimi nimebeba ya wote. Sikulala vizuri, na asubuhi, mama mkwe alipokwenda ibadani na mdogo, nikaingia chumbani. Kwa mbali matarumbeta ya kanisa yalikuwa yakipigwa. Nikakaa kitandani miguuni pake.

"Mkubwa anajua," nikamwambia.

Hakushtuka. Aligeuza uso ukutani.

"Tangu lini?"

"Kabla ya mkutano. Aliomba nisikwambie. Anaogopa utamnyang'anya vitambaa."

Hapo ndipo alipolia. Alikuwa hajalia Mbeya, wala Dar es Salaam walipomlaza peke yake chini ya mashine. Alilia bila sauti, kwa sababu sauti ilimuumiza kiuno, na mimi nikashika ule mguu uliovimba maana ndio uliokuwa karibu.

"Niitie," akasema mwishowe. "Na wewe utoke."

Nilitoka nikaenda mpaka mwisho wa shamba. Sijui waliambiana nini. Sijawahi kuuliza, na mkubwa hajawahi kunisimulia. Niliporudi mtoto alikuwa amekwenda kisimani, na mke wangu amekaa kitako, ameegemezwa mito, nywele zimesukwa mistari miwili ya haraka haraka.

"Wachanjwe," akasema. "Wote wawili. Ukae mpaka siku hiyo, uwapeleke mwenyewe."

"Na mama?"

"Mama niachie mimi. Lakini wakisharudi. Kabla ya hapo atawafungia ndani."

Siku yenyewe niliwapeleka kwa miguu, ukungu haujainuka. Kuna watoto waliokuwa wameletwa na mama zao. Kuna waliokuja peke yao. Na kuna madawati yaliyokuwa matupu kwa sababu wazazi waliwabakiza nyumbani siku hiyo. Mkubwa aliingia wa kwanza, akatoka ameshika bega. Mdogo akanishika suruali.

"Hii ni ili tusiumwe tumbo kama mama?"

Muuguzi aliinua macho kutoka kwenye boksi lake la barafu akanitazama. Nilijua sasa hata yeye amejua.

"Ndiyo," nikamwambia mwanangu.

"Sasa mbona mama hawamchomi?"

"Mama amechelewa," nikasema, na muuguzi akamwomba ageuke upande wa pili, asiangalie sindano.

Mchana ule mdogo hakuweza kutunza siri hata kidogo. Alimwonyesha bibi yake alama begani, kwa majivuno, kama mtu aliyeshinda mbio. Mama mkwe alikuwa na ungo mkononi. Aliuweka chini. Alinijia pale uani, na kwa mara ya kwanza tangu nioe nyumbani kwake alinipandishia sauti.

"Nilisema nini? Nilisema nini mimi katika nyumba hii? Umewaziba wajukuu zangu! Mwanangu anakufa, na wewe unawaziba waliobaki!"

"Mama," sauti ya mke wangu ikatoka chumbani, nyembamba. "Mama, njoo ndani."

Akaingia. Mlango ukafungwa. Sisi watatu tulibaki uani na kuku. Mkubwa aliokota ungo, akaanza kupepeta mahindi ambayo yalikuwa yameshapepetwa. Nilisikia mama mkwe akisema "Hapana," kisha "Hapana" tena, kisha kimya. Alipotoka alikuwa amejifunga kitenge kifuani kama watu wanavyojifunga msibani. Alinijia karibu kuliko ukwe unavyoruhusu.

"Anasema si tumbo."

"Ndiyo, mama."

"Anasema ni ugonjwa unaotoka kwa mwanamume."

"Daktari alisema hakuna anayeweza kujua umetoka wapi wala lini, mama. Unaweza kukaa mwilini miaka..."

"Mwanangu nilikukabidhi mzima." Hakupaza sauti sasa, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nilikukabidhi hajaguswa. Nilikuwa nikichemsha mizizi ya tumbo, kumbe ni wewe."

Sikujitetea. Ningejitetea kwa kusema nini? Kwamba sijui? Hilo lilikuwa kweli, lakini halikuwa jibu. Mke wangu alikuwa amenijua vizuri kuliko mtu yeyote, naye alikuwa amenyamaza juu ya jambo hilo tangu Mbeya. Sikujua kama kunyamaza kwake kulikuwa kusamehe au kuchoka tu.

Tangu siku ile mama mkwe hakuniitikia. Nikifika Jumamosi nasema, "Shikamoo, mama," naye anageuka kumwita kuku au kushika ufagio. Chakula changu kililetwa na mkubwa. Mizizi iliachwa, nikashukuru kwa hilo, maana mke wangu alikunywa uji wake bila kutapika katika wiki zake za mwisho. Nilimwuliza mara moja kama anajuta kumwambia mama yake. Akasema, "Nilikuwa najua atasema hivyo. Ndiyo sababu nyingine nilikuwa sitaki." Kisha akaniomba nimgeuze upande wa dirishani.

Alifariki mvua za kwanza zilipoanza, ardhi bado ngumu, wachimba kaburi walitumia sururu kutwa nzima. Akina mama wa kanisa walikuja na sare zao wakaimba. Aliyesoma historia ya marehemu alisema ameugua tumbo kwa muda mrefu. Nilimwona jirani yetu wa uji akiinama. Wakati wa kutupa udongo, mama mkwe alisubiri mpaka niondoke kaburini ndipo akasogea.

Baada ya matanga nilikuwa nafunga mizigo ya watoto kurudi nao Tunduma. Bibi yao hakuwazuia. Aliwafungia maharage na mahindi, akawakabidhi wao, si mimi. Mkubwa alikuwa akikunja kanga za mama yake.

"Baba. Bibi anasema wewe ndiye uliyemletea mama. Ni kweli?"

Nilikuwa nimelingoja swali hilo kutoka kwake kuliko kutoka kwa mtu mwingine yeyote, na bado lilinikuta sijajiandaa.

"Sijui, mwanangu. Inawezekana ni mimi. Inawezekana. Hakuna atakayejua."

Akakunja kanga, akaikunjua, akaikunja tena.

"Nilimwambia bibi kwamba mama aliniambia hakukukasirikia."

"Alikwambia hivyo?"

"Hapana," akasema. "Hatukuzungumza habari zako."

Tukarudi Tunduma tukaishi. Mkubwa akafaulu akaenda shule ya bweni, nikabaki na mdogo. Nilijifunza kusuka vibaya, kisha nikampeleka saluni. Nilijifunza kupika maharage ya bibi yake, yaliyokuwa yakija kila msimu na dereva wa Noah ya abiria, gunia limeshonwa mdomo, bila salamu. Kuhusu mambo ya kike niliona nina muda. Nilidhani dada yake akifunga shule atamweleza. Sikuwaza kwamba mwili haungoji likizo.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mdogo akiwa na miaka kumi na miwili. Nilikuwa uani natandaza turubai nikasikia analia chooni, kilio cha kukata maini. Nikagonga.

"Usiingie, baba! Nimepata ugonjwa wa mama!"

"Nini?"

"Damu. Nimepata damu. Lakini mlinichoma! Mlisema mkinichoma sitaumwa!"

Nilimwambia kupitia mlango kwamba si ugonjwa, kwamba ni kawaida, kila msichana anapata. Hakunisikia. Kwake yeye damu ya mwanamke ilikuwa kitu kimoja tu. Alikuwa ameiona kwenye vitambaa ndani ya migomba na akaona ilipoishia. Na aliyekuwa akimwambia ni kawaida ni mtu yule yule aliyemwambia mama anaumwa tumbo. Kwa nini aniamini?

Nilishika simu. Tangu msiba sikuwahi kumpigia mama mkwe. Ikapokewa, nikasikia pumzi.

"Shikamoo, mama."

Kimya.

"Mdogo ameona damu yake ya kwanza. Anadhani ni ule ugonjwa. Amejifungia, anakataa kutoka. Mimi sijui nimwambieje."

Akasema, "Mpelekee maji ya moto na kitambaa safi. Mwambie bibi anakuja."

Alifika mchana, viatu vimejaa vumbi la njiani, mfuko wa kanga mpya kwapani. Alinipita bila neno akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa chumba, ambako mdogo alikuwa amehamia na kujifunika gubigubi. Nilisikia sauti ya bibi, ya chini, ikiendelea na kuendelea. Sikusikia maneno, yalikuwa ya Kinyiha, lugha ya kwao, na yalikuwa ya wanawake. Kilio kikapungua. Baadaye nikasikia mdogo akiuliza kitu, na bibi akacheka kidogo, kicheko cha pumzi moja. Sikuwa nimekisikia tangu mke wangu aanze kuugua.

Alilala kwetu usiku ule, na mjukuu wake. Nilimwekea chakula sebuleni nikatoka, ili ale bila kuniona. Alikula.

Asubuhi nilimkuta uani, mfuko tayari mkononi, anangoja Noah. Nikasimama mbali kidogo, pale panapostahili.

"Ni damu njema," akasema, akitazama barabara. "Haina kasoro."

"Asante, mama."

"Nilisema ile sindano imewaziba. Haikuwaziba." Lori lilikuwa likirudi nyuma, likapiga kelele, akangoja limalize. "Hilo nimeliona. Lakini hilo ni la wajukuu. La mwanangu ni lingine."

"Najua, mama."

"Mkubwa akifunga shule, aje Isansa. Kahawa itakuwa imeiva, sina mikono."

"Nitamwambia."

Noah ikaja. Nikamfungulia mlango, akapanda bila kushika mkono wangu, akapanga magoti yake kati ya ndoo za watu. Nikasema, "Shikamoo, mama," maana ndivyo mtu anavyoagana na mkwewe. Akarekebisha kanga kichwani, akatazama mbele. Gari likaondoka.

Mdogo alikuwa amesimama mlangoni na sweta la dada yake. Akaniuliza kama bibi amekasirika.

"Anawahi ibada," nikamwambia, nikaenda kuwasha jiko.